Meza Iliyo Kati Yetu

Nimewahi kufanya kazi katika ofisi yenye kiyoyozi kizuri na mlango wa kioo ulioandikwa jina langu. Naishukuru, maana ilinilisha na ikanisomeshea watoto. Lakini nikiulizwa ni wapi hasa nilipofanya kazi nikajua kwa nini nafanya kazi, jibu langu halibadiliki. Ni ule ukumbi mrefu wa ghorofa ya tatu, katikati ya Dar es Salaam, ambamo wabunifu majengo, mafundi sanifu, mkadiriaji majenzi na vijana wa mafunzo kwa vitendo tulikaa pamoja bila ukuta. Kila mtu alikuwa na meza yake ya kuchorea, imeinamishwa kwa pembe aliyoipenda mwenyewe. Katikati palikuwa na meza moja kubwa, bapa, isiyokuwa ya mtu.

Kumbukumbu tamu humtosheleza mwenye nazo. Huzipitia, hutabasamu, kisha huendelea na siku yake. Mimi zangu nimeona nizihoji, kwa sababu siamini kwamba utamu wake ni wa ujana tu. Ujana niliupitishia mahali pengi, na pengi kati ya hapo sipakumbuki. Ukumbi ule ulikuwa na joto, mwezi mwingine mshahara ulichelewa, na honi za daladala ziliingia dirishani tangu asubuhi hadi jioni. Humo ndani kulikuwa na nini, basi, hata miaka yote hii moyo uendelee kurudi?

Nianze na vitu vyenyewe. Madirisha yalikuwa pande mbili, na msimu wa kusi upepo ulikatiza ukumbi mzima na kuzitifua karatasi. Tulizikandamiza kwa vigae vya sampuli na vipande vya nondo. Chumba cha nyuma kilikuwa na mashine ya kutolea nakala za michoro, ile inayotumia mvuke wa amonia, na harufu yake ilikuwa kali kiasi kwamba mlango ukifunguliwa sote tulijua kuna mchoro unaokwenda saiti. Wino tuliupitisha kwa kalamu za Rotring, kila moja na unene wake: milimita 0.18 kwa mistari ya vipimo, kisha 0.25, 0.35, mpaka 0.7 kwa kuta nene. Mstari ukienda kombo, raba haikusaidia. Ulichukua wembe ukaukwangua wino taratibu, pumzi umeibana, usije ukaitoboa karatasi. Saa nne asubuhi alipanda mama mmoja na beseni la mihogo ya kukaanga na kachumbari, na hapo kalamu zote zilifungwa vifuniko na michoro ikafunikwa, kwa sababu karatasi iliyoshika mafuta huukataa wino.

Karatasi hiyo ndiyo iliyonifundisha jambo la kwanza. Ni karatasi inayopitisha mwanga. Ukiitandika juu ya mchoro wa mwenzako, mistari yake inaonekana kwa chini. Kwa hiyo kumsahihisha mtu hakukuwa kumfuta. Mwenzako akiona chumba chako cha kungojea wagonjwa kimekaa upande wa jua la mchana, alikata kipande kutoka kwenye roli, akakitandika juu ya kazi yako, akachora alichokuwa anafikiri. Chako kilibaki chini, kizima. Ulikuwa huru kukiondoa cha kwake, au kukikubali ukaongeza cha tatu. Kufikia jioni mpango wa jengo moja ulikuwa na tabaka kadhaa, na tuliojuana vizuri tuliweza kuitambua mikono. Huyu mistari yake huvukana kidogo penye kona, yule tarakimu zake zinalalia kushoto, na yule mwingine hawezi kuchora jengo bila kuweka mti.

Nimelifikiri jambo hilo kwa miaka mingi. Sehemu nyingi za maisha yetu, anayepinga wazo la mtu analiondoa ili aweke lake, na aliyepingwa huona ameondolewa yeye. Ndiyo maana watu wazima wenye akili zao hung'ang'ania wazo bovu: wanajitetea nafsi. Kwenye zile karatasi nafsi haikuguswa. Kazi yako ilikuwa inaonekana chini ya kazi ya mwenzako, na yeyote aliyeinamia meza aliona kwamba la pili lisingechoreka bila la kwanza kuwepo. Sijawahi kukutana tena na namna ya kubishana yenye heshima kiasi hicho.

Na heshima kwetu ni jambo zito. Tumelelewa kutomkosoa mkubwa mbele za watu, na malezi hayo nayapenda. Ukumbini alikuwamo mzee mmoja, fundi sanifu, aliyeanza kuchora kabla baadhi yetu hatujazaliwa. Kila asubuhi tulimpitia na shikamoo yake, naye akatuitikia marahaba mmoja mmoja, ndipo tukaketi. Siku moja alikuwa amechora ngazi ya bweni la shule. Ngazi ina hesabu yake ya kale. Mfaransa François Blondel aliiandika katika karne ya 17, akichukua hatua ya mwanadamu kuwa kipimo: kimo cha kidato mara mbili, ukijumlisha upana wa kukanyagia, kilingane na hatua moja ya mtu. Wengi wetu hushika milimita 600 hadi 630 hivi. Vidato vya Mzee vilikuwa sahihi kabisa. Kilichokaa vibaya ni boriti ya sakafu ya juu, iliyopita mahali ambapo anayepanda angekuwa ameshainuka. Kijana wa mafunzo, aliyekuwa anapita na vikombe vya chai, akasimama. Akatazama muda mrefu. Mzee akauliza bila kuinua kichwa, "Unaona nini, mwanangu?"

"Samahani, Mzee. Mwanafunzi anayepanda hapa, akifika kidato hiki cha kumi, kichwa chake kinakuwa wapi?"

Mzee akachukua rula ya vipimo, akapima kutoka kwenye kidato hadi chini ya boriti. Haikufika mita mbili. "Kinakuwa kwenye boriti," akasema, kisha akapaza sauti, "Hebu njooni mwone mwenzenu alichokiona." Tukauacha kila mmoja mchoro wake, mchoro wa Mzee ukahamia meza kubwa. Mmoja akapendekeza ngazi irudishwe nyuma kidato kimoja. Mwingine akasema basi mlango wa chini utabanwa. Dada mkadiriaji, aliyekuwa meza ya tatu kutoka hapo na ambaye hakuna aliyemwita, akauliza kama boriti yenyewe inaweza kuhamia kwenye mstari wa nguzo, maana zege litakuwa lile lile. Ikahamia. Chai ilikuwa bado ya moto.

Ninachokipenda katika kisa hicho ni swali la kijana. Hakumwambia Mzee amekosea. Alimuulizia mwanafunzi ambaye hakuwepo, msichana fulani ambaye siku moja angepanda ngazi hiyo usiku, mbio, na ndoo mkononi. Na aliweza kuuliza hivyo kwa sababu macho yao wote wawili yalikuwa kwenye karatasi. Hawakutazamana. Wangekuwa wanatazamana, kijana angeinamisha uso na kupita na vikombe vyake, na adabu ingekuwa imetimia huku jengo likiharibika.

Hannah Arendt, katika kitabu chake The Human Condition cha mwaka 1958, aliusemea ulimwengu tunaoshirikiana kwa mfano wa meza: imo kati ya wanaoizunguka, inawakutanisha na wakati huohuo inawatenga. Akasema ikitoweka ghafla, wale waliobaki wamekaa hawana tena kinachowatenganisha wala kinachowaunganisha. Nilipolisoma wazo hilo sikuhitaji kulitafakari sana, nilikuwa nimeshaliishi. Mzee na kijana walitenganishwa na umri, cheo na mshahara, na meza haikujifanya kuondoa hata kimoja kati ya hivyo. Iliwapa kitu cha tatu, ambacho mbele yake wote wawili walikuwa watazamaji.

Aristotle naye, katika kitabu cha 9 cha Maadili yanayoitwa ya Nikomako, anasema kuishi pamoja kwa binadamu ni kushirikiana mazungumzo na fikra. Haimaanishi kula mahali pamoja kama ng'ombe malishoni. Naona ndiyo tofauti kati ya ukumbi wetu na kumbi nyingi nilizoingia baadaye, zenye watu wengi zaidi na viti vizuri zaidi. Huko watu walikuwa wanalishia mahali pamoja.

Najua ofisi za wazi zina sifa mbaya, na zimeitafuta. Picha maarufu za jengo la Larkin, alilolibuni Frank Lloyd Wright huko Buffalo, Marekani, na kukamilika mwaka 1906, zinaonyesha ukumbi mrefu unaopokea mwanga kutoka juu, makarani wamepangwa safu kwa safu, na magorofa yakiuzunguka ukumbi na kutazama chini. Lilikuwa jengo la kiungwana lenye mwanga na hewa safi, nalo lilibomolewa mwaka 1950. Lakini ukizitazama safu zile unaelewa kwamba aliyefunguliwa ni karani, afunguke machoni pa msimamizi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kundi la Quickborner nchini Ujerumani likazivunja safu, likapanga meza kwa kufuata nani anazungumza na nani na karatasi inatoka wapi kwenda wapi. Mwaka 1968 Robert Propst, akiifanyia kazi kampuni ya samani ya Herman Miller, akatoa mfumo wa vizuizi vya kuhamisha, akitaka kila mtu ajipangie mahali pake. Wenye majengo wakauchukua mfumo wake wakaubana mpaka ukawa yale masanduku ya kijivu tunayoyaona kwenye filamu za Kimarekani, na Propst mwenyewe akaja kusikitika.

Mwaka 2018 Ethan Bernstein wa Harvard na mwenzake Stephen Turban walichapisha utafiti ambao kila mwenye ofisi angepaswa kuusoma. Walizifuatilia kampuni kubwa zilizobomoa kuta katika makao yao makuu, wakiwavalisha wafanyakazi vifaa vinavyorekodi nani anakutana na nani. Baada ya kuta kuondoka, mazungumzo ya ana kwa ana yalipungua kwa asilimia 70 hivi, na ujumbe wa kompyuta ukaongezeka. Watu walipokosa ukuta wa tofali walijitengenezea mwingine kwa kutazama chini na kuziba masikio.

Naamini matokeo hayo bila shaka yoyote, na hayaipingi furaha yangu. Yananisaidia kuielewa. Katika ofisi hizo kilichofunguliwa ni miili ya watu. Kazi ilibaki imefichwa, kila mmoja na yake, nyuma ya kioo cha kompyuta kilichomgeukia mwenyewe. Ukimsogelea mwenzako huna cha kutazama isipokuwa uso wake, na uso wa mtu anayefanya kazi haukualiki. Kwa hiyo kila mtu anaonekana na hakuna kinachoonekana. Kwetu ilikuwa kinyume. Mtu alikuwa amejiinamia, mgongo kwa mwenzake, pengine hata hajaoga vizuri kwa sababu maji yalikatika mtaani kwao, na hakuna aliyemtazama. Kilichokuwa wazi ni mchoro wake, umelala mezani, haujaisha.

Haujaisha: hilo ndilo neno zito hapa. Kazi iliyokamilika huonyeshwa, na mtu huisifu au akakaa kimya. Kazi isiyokamilika humwita mtu aingie. Kuiacha hivyo machoni pa watu kunataka aina fulani ya ujasiri, na ujasiri huo hauwezi kuamriwa na bosi. Huota polepole mahali ambapo jana mtu aliacha kazi yake wazi na hakuchekwa. Ukumbi wetu ulikuwa umeshaota ujasiri huo kabla sijafika. Niliukuta. Hata leo sijui nimshukuru nani, na nadhani mambo mengi mema ya kazini ni ya namna hiyo: mtu huyakuta, huyatumia, na akiwa na bahati huyaacha kwa wanaofuata.

Vijana wa mafunzo waliyapata kwa njia hiyohiyo. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kukunja nakala na kuandika majina ya vyumba, na wengine walinung'unika kwamba chuoni walikuwa wameshabuni viwanja vya ndege. Jean Lave, mwanaanthropolojia wa Marekani, aliwachunguza mafundi cherehani wa Liberia, na yeye na Etienne Wenger wakaliweka jambo hilo katika kitabu chao cha mwaka 1991 kuhusu namna watu wanavyojifunza kwa kushiriki. Mwanafunzi wa ushonaji kule huanzia mwisho wa vazi: vifungo, pindo, kupiga pasi. Kwa kushika nguo zilizokwisha kushonwa anaona vipande vimekutana wapi, na baadaye anafika kwenye kushona, mwisho kabisa kwenye kukata kitambaa, ambako kosa ni ghali. Kijana wetu aliyekunja nakala za michoro alikuwa amezipitisha mikononi ngazi nyingi. Ndiyo maana aliiona ile boriti.

Na alikuwa amezisikia. Hili linapotea kwa urahisi kuliko yote. Ukumbini ulisikia mazungumzo yasiyokuhusu: Mzee akimweleza mhandisi kwa simu kwa nini lenta lazima ipite moja kwa moja, dada mkadiriaji akibishana na mwuza bati kuhusu geji, mbunifu mkuu akimtuliza mteja aliyeongeza chumba baada ya msingi kumwagwa. Hakuna aliyekuwa anakufundisha. Michael Polanyi aliandika mwaka 1966 kwamba mtu anajua zaidi ya anavyoweza kusema, na ujuzi wa aina hiyo hauwezi kuandikiwa mwongozo kwa sababu mwenye nao mwenyewe hajui kwamba anao. Huupati kwa kumuuliza. Unaupata kwa kukaa karibu naye siku nyingi, ukisikia anavyoguna anapoona mstari usiompendeza.

Kompyuta zilipoingia sikuzilaani, na leo pia silaani. Programu ya AutoCAD imekuwepo tangu mwaka 1982, kwetu ilifika baadaye, na ilipofika iliondoa wembe, ikaondoa amonia, na ikatuokolea usiku mwingi wa kuchora upya. Ndani yake mna tabaka, zilizoiga zile karatasi zetu. Lakini tabaka za kompyuta anaziona aliyekaa mbele yake. Meza kubwa ikaanza kubeba mafaili na kompyuta mbovu zinazongoja fundi, na kwa miezi kadhaa nilidhani tumeipoteza.

Mwaka 2006 ukaja ukame. Maji ya bwawa la Mtera yakashuka, mgawo wa umeme ukaingia, na mchana mwingi ukumbi ulikaa gizani mashine zote zimezima. Ofisi haikuwa na jenereta ya kutosha. Kila umeme ulipokatika, mtu mmoja alikwenda kuondoa mafaili juu ya ile meza, mwingine akaleta roli la karatasi lililosahaulika, na tukavuta viti kuelekea dirishani kwenye mwanga. Baadhi ya majengo yetu mazuri tuliyafikiri katika saa hizo. Umeme uliporudi hakuna aliyekimbilia kompyuta, na mbunifu mkuu, mtu aliyekuwa mwangalifu sana wa muda, alituacha. Baada ya mgawo kwisha akaagiza kwamba kila Ijumaa mchana michoro yote ichapwe kwa ukubwa wake na ibandikwe ukutani, hata iliyo nusu, hata iliyo na aibu. Nahesabu agizo hilo kuwa ubunifu wake bora kuliko jengo lolote.

Sasa nije kwenye swali la maana, ambalo ndilo lililonikalisha chini kuandika. Mtu anapata nini katika kazi ambayo hawezi kuonyesha sehemu yake?

Tulikuwa na desturi ya kwenda Kariakoo kutazama soko. Jengo lile lilibuniwa na marehemu Beda Amuli, mmoja wa Waafrika wa kwanza Afrika Mashariki kuwa wabunifu majengo, na lilifunguliwa mwaka 1975. Nguzo zake za zege zinapanuka kadiri zinavyopanda hadi zinakuwa paa, na chini yake biashara iliendelea bila kujali kwamba ipo ndani ya kazi kubwa ya sanaa. Mwezi Julai 2021 moto uliliunguza, na siku ile wengi wetu tuliokwisha kutawanyika tulipigiana simu kana kwamba ndugu amelazwa. Jina la Amuli limekaa juu ya soko hilo, na ni haki likae. Lakini kila mtu wa fani anajua kwamba nyuma ya jina kuna mhandisi aliyehesabu nondo za nguzo hizo, mchoraji aliyechora mkunjo mmoja mara nyingi, fundi seremala aliyetengeneza umbo la mbao ambamo zege lilimwagwa. Hawana mahali pa kuweka kidole wakasema hapa ni mimi.

Mimi pia sina. Kuna bweni la wasichana mkoani Morogoro ambalo nikipita barabarani naliona paa lake. Nilichora kitu humo, najua. Pengine kibaraza, pengine namna dirisha linavyokinga mvua. Lakini wazo langu la kibaraza lilichorwa juu yake la dada mmoja, na lake likachorwa juu yake la Mzee, na dada mkadiriaji akakifupisha kwa nusu mita. Nimejaribu kuutafuta mstari wangu na nimeshindwa. Zamani nilidhani hilo lingeniuma. Siku hizi naliona ndilo jambo lililonifurahisha kuliko yote: kwamba kuna kitu kizuri duniani, kinachokinga mvua usiku huu, ambacho nisingeweza kukifanya peke yangu na ambacho bila mimi kingekuwa tofauti kidogo. Nimepata tuzo ndogo ndogo za kazi za peke yangu. Hazijawahi kunipa utulivu ninaoupata nikiliona paa lile.

Nafikiri mtu mzima anahitaji vyote viwili, kitu cha kusema hiki ni changu na kitu cha kusema hiki ni chetu. Dunia ya kazi ya sasa inatugawia kile cha kwanza kwa wingi: jina kwenye mlango, jina kwenye barua, alama za utendaji za kila robo mwaka. Cha pili imekiacha kijitafute. Wabunifu vijana ninaokutana nao wana ujuzi wa programu kuliko tuliokuwa nao wote kwa pamoja. Wengi wanachorea nyumbani, kompyuta mapajani, faili linakwenda kwa mhandisi asiyewahi kumwona na kurudi na alama nyekundu. Tangu miaka ya korona hali hiyo imezidi, na faida zake nazijua: hakuna foleni ya Morogoro Road, mama anayenyonyesha yupo karibu na mwanawe, kodi ya ofisi imepungua. Sitaki kumrudisha mtu kwenye foleni. Nasikitika tu nikimwona kijana mwenye kipaji aliyefika mwaka wa tano wa kazi bila kusikia mzee yeyote akiguna.

Msiba wa Mzee ulitukusanya. Tulikaa chini ya turubai nyumbani kwake Temeke, watu wa ukumbi ule waliotawanyika hadi Nairobi na Muscat, na hatukuzungumzia majengo makubwa. Tulizungumzia ngazi ya bweni. Yule kijana wa vikombe, sasa ana ofisi yake na mvi mbili tatu, alisema kwamba baada ya siku ile Mzee alianza kumwachia mchoro mezani kila alipokuwa anakwenda kuswali adhuhuri, umefunguliwa, na rula ya vipimo kando yake. Hakumwambia kitu. Alikuwa anauacha tu.

Kwa hiyo ninawaomba nyinyi mnaoongoza ofisi za usanifu, na pia magazeti, na maabara, na karakana zozote ambako watu hufikiri kwa mikono. Mnapopanga mahali papya, kuta mnaweza kuziacha au kuzibomoa kadiri ya uwezo wenu. Lakini tengeni meza moja isiyo ya mtu, ikae penye njia ya kwendea maji ya kunywa ili kila mmoja alazimike kuipita, na iwe kubwa ya kutosha karatasi mbili za A0 zilale sambamba. Karatasi hiyo ni milimita 841 kwa 1,189, pimeni. Wekeni juu yake kazi isiyokamilika, mkianza na ya mkubwa wenu kuliko wote. Na kijana akisimama hapo na vikombe mkononi, akitazama muda mrefu, msimrudishe kwenye kiti chake. Muulizeni anaona nini.